Si Uvivu Unaowatoa Chuoni

Mwanafunzi akiacha chuo mwaka wa kwanza, hukumu huwa tayari: mvivu, kichwa kizito, chuo hakikuwa saizi yake. Huo ni uonevu, na ushahidi wa kuukanusha upo Marekani kwa zaidi ya miaka kumi.

Itazamwe FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa fedha wa serikali kuu. Kwa miaka mingi ilikuwa na maswali zaidi ya 100 kuhusu kodi, mapato na mali za familia. Tena hujazwa upya kila mwaka. Kijana ambaye wazazi wake hawakukanyaga chuo atajuaje? Mitihani amefaulu, likizo imekwisha, fedha hakuna. Harudi.

Mwaka 2012, Eric Bettinger na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika ofisi za H&R Block, kampuni inayowaandalia watu hesabu za kodi. Baadhi ya familia za kipato cha chini zilijaziwa fomu papo hapo, taarifa zikichotwa kwenye hesabu zilizokuwa tayari kwenye kompyuta. Kazi ya dakika chache! Miongoni mwa watoto waliokuwa wakimaliza sekondari, waliotimiza miaka miwili chuoni walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Familia zilizopewa maelezo matupu hazikubadilika. Ni uvivu gani huo unaopona kwa kujaziwa fomu?

Wakuu wa vyuo wasikimbilie njia ya mkato. Benjamin Castleman na Lindsay Page waliwatumia wanafunzi wa mwaka wa kwanza SMS za kuwakumbusha FAFSA, na wale wa vyuo vya jamii wakabaki masomoni kwa wingi zaidi. Lakini aliyejibu SMS alimpata mshauri wa kumsaidia. Ujumbe wa aina hiyo ulipotumwa na taasisi kubwa kwa wanafunzi zaidi ya 800,000, haukuzaa kitu.

Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilikwenda mbali zaidi. Tangu 2007, mpango wake wa ASAP uliwapa wanafunzi mshauri mwenye watu wachache wa kuwaangalia, vitabu, ada iliyobaki, na kadi ya usafiri ya kila mwezi kwa anayeshiriki. Waliohitimu ndani ya miaka mitatu walifika asilimia 40; wenzao wasio na mpango huo, 22. Gharama kwa kila mwanafunzi ilipanda sana, ila gharama kwa kila mhitimu ilishuka.