Samaki wa Kukaanga Hahitaji Mayonizi

Makala iliyotutaka tuache kachumbari ya kabichi na badala yake tuweke saladi ya mayonizi pembeni ya samaki wa kukaanga imekosea mara mbili: kwenye ladha na kwenye usalama.

Changu aliyetoka kwenye karai pale soko la samaki la Feri amebeba mafuta ya kutosha. Mayonizi nayo ni mafuta yaliyopigwa na yai. Ukiviweka pamoja, mdomo unakinai kabla tumbo halijashiba. Ndimu ya kachumbari hukata mafuta hayo, na mlaji akamrudia samaki kwa hamu.

Tena, mayonizi ya nyumbani kwa kawaida hutengenezwa kwa yai bichi. Saladi yake haifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, mwisho ni saa 1. Mama lishe wa Kariakoo anayeuza mchana kutwa mwezi Februari aiweke wapi?

Mwandishi wa makala hiyo ana haki kwa jambo moja: kabichi isiyooshwa ni hatari, na ndimu haiondoi uchafu. Basi tuioshe vizuri kwa maji safi, tuikate nyembamba, tuitie chumvi, tuiache dakika 10 itoe maji, tuikamue. Kisha karoti iliyoparuzwa, kitunguu, pilipili, na ndimu wakati wa kula.

Vyote hivyo vipo sokoni Kariakoo, na kabichi nyingine zinatoka Lushoto. Anayependa mayonizi ale, lakini asiiite kachumbari yetu upungufu. Ndiyo inayomfaa samaki huyu, katika joto hili.