Uso wa Majestic

Sisi tuishio Kibaha tumezoea kupita mbele ya jengo tukiuliza ndani kunauzwa nini. Wiki hii tunawaomba tusimame nje tu, tena ng'ambo ya bahari, huko Vuga, Zanzibar, mbele ya sinema ya Majestic.

Kiwanja kile kilibeba kwanza sinema ya Royal, ya miaka ya 1920, kazi ya J. H. Sinclair aliyechora pia Beit el Amani, mpenda matao na kuba. Royal iliteketea kwa moto. Mwaka 1955 ikasimama Majestic, mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa Art Deco: mistari iliyonyooka, mapambo machache. Hakuyarudia matao ya mwenziwe, nasi twaona alifanya vema.

Baadaye jengo likawa gofu. Wapo wasemao kwamba sinema isiyoonesha picha ibomolewe. Hatukubaliani nao. Viti vilikuwa vya wenye tiketi. Ukuta wa mbele ulikuwa wa kila mpita njia, hata mtoto asiye na senti. Ndani pageuzwe wapendavyo, ila ukuta huo usiguswe.