Kabla hujampakata, nawa

Mwaka jana binti wa kaka yangu alijifungua mtoto wa kiume. Saa ya kuona wagonjwa tuliingia wodini watu sita, na chupa za chai na mtori. Mtoto akapita mikono yote sita. Hakuna aliyenawa, na mimi nikiwemo, ninayewaandikia hapa kila wiki. Mikono hiyo ilikuwa imetoka kushika vyuma vya daladala, noti na simu.

Siku ya nne, wakiwa wamesharudi nyumbani, mtoto akaacha kunyonya. Analala tu. Wifi akasema, "Mtulivu huyu, kamfuata babu yake." Tukamgusa: hana homa, tena wa baridi. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kichanga mwenye maambukizi anaweza kupoa badala ya kuchemka. Hospitali muuguzi alihesabu pumzi zake, zikazidi 60 kwa dakika. Akalazwa: bakteria kwenye damu. Alichomwa sindano siku kumi.

Siwezi kusema waliingia kwa mkono wa nani. Wengine mtoto huwapata kwa mama, hasa chupa ikipasuka mapema kabla ya uchungu. Wengine ni wenyeji wa wodi. Klebsiella, kwa mfano, hukaa kwenye sinki, kwenye vifaa na mikononi, na baadhi yao hawasikii tena dawa tulizozoea. Mhudumu mmoja akitoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa, anatosha kuwasambaza. Watoto njiti ndio huumia zaidi.

Wala si habari mpya. Mwaka 1847, kule Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi wanawe kwa maji ya klorini. Vifo vya wazazi vikashuka sana, na bado wenzake wengi walimpinga.

Kwa hiyo mama, usione haya kusema, "Samahani sista, naomba unawe kwanza." Najua ni vigumu, umelala hapo na mishono yako, unaogopa kuonekana mjuaji. Kazi hiyo apewe aliyekusindikiza. Mtoto anyonye mapema, maana maziwa yale ya kwanza ya njano ni kinga yake. Kitovuni usipake majivu wala mafuta. Labda dawa uliyopewa kliniki.

Na akigoma kunyonya, akipumua mbio, kifua kikibonyea, akipata degedege, akiwa wa moto au wa baridi, au kitovu kikitoa usaha, usingoje kukuche. Nenda usiku huohuo.

Wetu alipona. Siku ya arobaini wifi aliweka ndoo ya koki mlangoni, na kipande cha sabuni ndani ya soksi. Mjomba mmoja alinuna, akakaa barazani mpaka pilau ilipopakuliwa. Hapo akanawa.