Cheti cha macho ni mali ya mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowasumbua wananchi wengi wanaovaa miwani. Jambo lenyewe ni tabia ya baadhi ya maduka ya miwani kumpima mtu macho, kisha kukataa kumpa cheti chenye vipimo vyake.

Utaratibu wao ni huu. Mtu anaingia dukani na kupimwa, pengine kwa tangazo kwamba kupima ni bure. Halafu anatajiwa bei moja tu ya fremu na vioo, bila mchanganuo. Akisema anataka kuulizia bei kwingine, anaambiwa kuwa vipimo ni vya duka na vitabaki kwenye faili. Huko kwingine itambidi apimwe upya na pengine alipe upya. Mwishowe mnyonge hukubali bei aliyotajiwa kwa sababu macho yake yamewekwa rehani.

Namfahamu fundi cherehani mmoja ambaye miwani yake mipya ilimpa maumivu ya kichwa mwezi mzima, na kutunga uzi kwenye sindano bado hakuweza. Kila aliporudi dukani aliambiwa, "Utaizoea." Ni kweli kwamba miwani mipya huhitaji siku chache za kuizoea, lakini si mwezi. Kwa kuwa hakuwa na cheti, hakuna aliyeweza kumwambia kama kosa lilikuwa la aliyempima au la aliyekata vioo. Fedha zimekwenda, na kazi inayomlisha imesimama.

Najua wenye maduka watasema kwamba kupima kuna gharama. Sawa, watoze ada ya kupima na waibandike ukutani ili kila mtu aione. Lakini aliyekwisha kulipa apewe cheti chake, anunue miwani hapo au asinunue. Hata Marekani, ambako biashara ni huria kuliko kwetu, tangu mwaka 1978 kanuni inamtaka anayepima ampe mteja cheti mara amalizapo, bila kuombwa na bila malipo ya ziada. Uingereza nayo ina sheria ya mwaka 1989 yenye sharti kama hilo. Maduka ya miwani ya huko hayajafungwa kwa sababu hiyo.

Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Baraza la Optometria nalo lipo. Naviomba vyombo hivi viagize mambo matatu, tena viyasimamie.

Kwanza, kila anayepimwa apewe cheti chenye vipimo vya kila jicho peke yake, nguvu ya kusomea iliyoongezwa kama ipo, umbali kati ya mboni, tarehe, jina na sahihi ya aliyepima. Pili, risiti ionyeshe bei ya fremu mbali na bei ya vioo, na itaje ni vioo vya aina gani. Tatu, siku ya kuchukua miwani, vioo vipimwe kwa mashine mbele ya mteja na kulinganishwa na cheti. Vikitofautiana, duka litengeneze upya kwa gharama yake.

Nasi wananchi tusikae kimya. Tudai cheti kabla hatujachagua fremu, na tukitunze pamoja na risiti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Dereva, mwalimu, fundi na mwanafunzi wote wanategemea macho yao ili wafanye kazi. Si haki mtu auziwe miwani asiyoweza kujua kama ndiyo aliyoandikiwa.

Naomba kutoa hoja.

Mvaa Miwani,
Morogoro.