Shangazi, kosta na mbuyu wa Barbados

Najua safu yetu ilikaa pembeni wiki mbili na maneno yakasemwa. Wapo waliodhani niko rumande, wapo waliodhani nimeoa kimyakimya. Wapi bwana! Nilikuwa Barbados.

Naam, Barbados, kisiwa cha Karibiani, ng'ambo ya pili ya bahari ya Atlantiki. Kabla hujajiuliza mwandishi wa kujitegemea katoa wapi pesa hizo, nakuwahi: kwa malipo yangu ningeishia Chalinze, tena kwa kusimama. Aliyenipeleka ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mzaliwa wa Dodoma. Ameuguza wagonjwa Uingereza miaka zaidi ya thelathini na amestaafu mwaka jana. Magoti yanamsumbua, akataka mtu wa kumsindikiza. "Kazi yako kubeba begi na kunishika mkono kwenye ngazi," akaniambia. "Mambo ya disko sahau."

Kwa nini Barbados na si Dubai kama wastaafu wengine? Nilipomuuliza alijibu kifupi tu, "Nina ahadi." Nikanyamaza. Ukilipiwa tiketi huulizi mara mbili.

Basi siku tatu za mwanzo zikaishia chumbani, magoti yamegoma kutokana na kukaa kwenye ndege. Imebaki siku moja, kesho yake asubuhi tunaondoka. Ndipo Shangazi akalipia ziara ya kuzunguka kisiwa kwa siku nzima. Hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Saa mbili na nusu asubuhi kosta ikatufuata, nyeupe, ina kiyoyozi, watu 22 ndani. Wazungu wengi, wenzi wawili wa Kimarekani weusi, sisi wawili kutoka Bongo, na watu sita waliotoka kwenye meli ya kitalii iliyotia nanga asubuhi ile. Hao sita walikuwa wakitazama saa tangu tunaanza, maana meli ile haimsubiri mtu. Saa kumi na nusu jioni uwe ndani, la sivyo utaipungia mkono kutoka bandarini.

Mwongoza watalii wetu alikuwa baba wa makamo, kifua kipana, sauti ya mpiga debe wa Ubungo. Kiingereza chake sasa! Mimi na kidato cha nne changu nilikuwa najiona nakijua, lakini wao wana chao cha nyumbani, kinakwenda mbio na kumeza maneno. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nacheka wanapocheka wenzangu. Shangazi, aliyezoea, ndiye aliyekuwa akinitafsiria.

Kabla hata hatujaondoka, kijana mmoja wa Kizungu aliambiwa akabadili kaptula. Ilikuwa ya mabaka-mabaka ya kijeshi. Kule raia kuvaa mavazi ya namna hiyo ni kosa la jinai, hata kofia, hata kibegi cha mtoto. Sisi tuliozoea sheria za namna hiyo huku kwetu hatukushangaa.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 431. Kisiwa cha Unguja kinaweza kukimeza zaidi ya mara tatu. Wanaendesha kushoto kama sisi, maana Mwingereza alikaa pale tangu 1627 hadi walipojitawala mwaka 1966. Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi mpaka Novemba 2021 walipojitangaza jamhuri. Na usafiri wao wa mitaani usipime! Kuna vibasi vinaitwa ZR, vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, muziki juu, abiria wamebanana, dereva anapita palipo na nafasi na pasipo na nafasi. Shangazi akaangua kicheko. "Hii si Mbagala hii?"

Tulipita kwenye mzunguko mmoja wa barabara kuu. Katikati yake kuna sanamu ya mtu mweusi amenyanyua mikono juu, minyororo imekatika. Ilizinduliwa mwaka 1985. Wenyeji huiita Bussa, jina la mtumwa aliyeongoza uasi mkubwa wa mwaka 1816. Uasi ule ulizimwa na yeye akauawa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini waliachwa huru kabisa 1838. Mwongozaji alieleza yote hayo kosta ikiwa inazunguka, kwa sababu kusimama hapo hakumo kwenye ratiba. Alimwambia dereva azunguke mara mbili ili walioketi upande wa pili nao waone. Nikaona, huyu bwana ana mbinu zake.

Tukaenda Harrison's Cave, pango ambalo unaingizwa kwa treni ndogo ya umeme, mawe yananing'inia kama barafu na maji yanachuruzika. Saa nzima hapo. Tukashuka Bathsheba, pwani ya mashariki, ambako Atlantiki inapiga kwa hasira na majabali makubwa yamesimama majini. Kuogelea hapo ni kujitafutia msiba. Njiani tukaoneshwa vijumba vya mbao vilivyokaa juu ya mawe. Zamani mfanyakazi wa shamba la miwa alimiliki nyumba lakini si ardhi, kwa hiyo akifukuzwa aliibomoa mbao kwa mbao akahama nayo. Watalii wakapiga picha, eti vinapendeza. Vinapendeza kweli, lakini Shangazi aliguna.

Chakula cha mchana ndicho kilichonimaliza. Nilisikia kinaitwa kuukuu, nikajiandaa kwa makubwa. Kuletwa: ugali! Ugali wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, na pembeni samaki wale wenye mapezi kama mabawa wanaoruka juu ya maji. Chakula chao cha taifa hicho. Nilitaka kunawa nile kwa mkono, Shangazi akanikata jicho.

Hapo mezani ndipo alipomwita mwongozaji akamuuliza, "Na mbuyu tutaufikia saa ngapi?"

Mezani kimya. Yule baba akatoa karatasi ya ratiba, akaisoma, akasema kwa upole kwamba mbuyu haumo. Mimi nikaona aibu. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Shangazi, mtu wa Dodoma umevuka bahari kuja kutafuta mbuyu? Watatuona washamba hawa."

Hakukasirika. Akaweka uma chini, akanieleza ahadi yenyewe. Miaka mingi alikuwa akifanya zamu ya usiku na muuguzi mwenzake, mama wa Barbados. Uingereza ilianza kuchukua wauguzi kutoka visiwa hivyo tangu miaka ya 1950, na huyo alikwenda baadaye akiwa binti. Usiku wagonjwa wakilala, wao wanapiga soga. Shangazi akisimulia mibuyu ya Dodoma, mwenzake akisema, "Hata sisi tunao, pale Bridgetown mjini, kwenye bustani ya Queen's Park. Nimecheza chini yake utotoni." Mbuyu si mti wa asili wa Karibiani, nyumbani kwake ni Afrika, kwa hiyo wakawa wanataniana ni wa nani hasa. Wakaahidiana wakistaafu watakwenda pamoja wakaushike. Mwenzake alifariki akiwa amebakiza miaka miwili.

Wasomaji, nilinywea. Ugali wote ule ukanikaa kooni.

Mchana tukapita pwani ya magharibi ambako bahari imetulia na matajiri wamejaa. Mwongozaji akatuonesha miti ya ufukweni iliyopakwa alama nyekundu. Ni miti yenye sumu: tunda lake usionje, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, maji yake yanababua ngozi. Kisha tukaingia Bridgetown, moja kwa moja hadi mtaa aliokulia Rihanna. Zamani uliitwa Westbury New Road, tangu 2017 unaitwa Rihanna Drive. Kijumba kidogo tu, kimepakwa rangi nzuri. Hapo tulipewa dakika 15, na watu walipigana vikumbo kwa picha. Sisemi vibaya, na mimi nilipiga. Nina picha nne.

Mwisho wa ratiba uliandikwa: Bridgetown, dakika 40 za kununua vitu. Kosta ikasimama karibu na Broad Street. Mwongozaji akasema kwa sauti, "Anayetaka maduka, maduka haya hapa. Anayetaka mti, anifuate." Tukamfuata watano: sisi, wale Wamarekani weusi wawili, na mzee mmoja wa Kizungu ambaye mkewe alikwenda madukani.

Ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa miguu. Kwa magoti ya Shangazi zilikwenda ishirini. Nikawa naangalia saa, jasho linanitoka. Lakini tulipoingia bustanini nikasahau saa. Mbuyu jamani! Kiuno chake kama nyumba. Tulishikana mikono watu watano na mwongozaji wa sita kuuzunguka, hatukufika hata nusu yake.

Shangazi akaweka kiganja kwenye gome, akasema maneno mawili matatu ya Kigogo ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Kisha akakaa kwenye benchi, na hapo ndipo ikawa kazi. Hainuki. Nikamwambia muda umekwisha, akatikisa kichwa. Nikamwambia kuna watu wa meli, akatikisa kichwa. Nikamwambia neno ambalo mpaka leo najuta: "Shangazi, unatuaibisha."

Hakunijibu. Yule mwongozaji ndiye aliyekuja akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Mama, miaka yote nimeulizwa nyumba ya Rihanna. Mti huu sijawahi kuulizwa na mtu aliyetoka unakotoka. Kaa dakika tano, lawama nitabeba mimi." Akatoa simu, akampigia dereva.

Tulichelewa dakika 18. Kurudi kwenye kosta, hewa imebadilika. Mama mmoja wa meli alikuwa amesimama mlangoni, uso mwekundu, akaropoka mambo ya watu wasiojali wenzao. Na haki yake! Ningekuwa mimi ningeropoka zaidi. Mwongozaji akasema kosa ni lake, amekosea hesabu ya muda. Hakutaja magoti ya mtu. Dereva akakanyaga mafuta, na bandari bahati nzuri si mbali. Watu sita walishuka mbio saa kumi na dakika ishirini na mbili. Nilihesabu.

Tuliobaki tukagawiwa fomu za maoni. Shangazi hakuwa na miwani, nikaandika mimi. Swali la mwisho: Je, ratiba ilifuatwa? Ndiyo au hapana. Kalamu ikasimama. Mama yule wa meli alishaacha yake kwenye kiti na niliona alama ya msalaba kwenye hapana, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Kazi ya mtu ilikuwa mikononi mwetu, na Shangazi si mtu wa kusema uongo, hata kwa fomu.

"Andika ndiyo," akasema. "Ratiba ilisema dakika 40 za kununua. Kila mtu alinunua alichokitaka."

Kisha akafungua pochi, akamsokotea yule baba dola 40 za kwao, ambazo ni sawa na 20 za Marekani. Nami nilikuwa na kumi zangu nimezificha kwenye soksi kwa ajili ya fulana. Zikatoka zenyewe.

Usiku nilimwomba radhi Shangazi. Akasema, "Mwanangu, ungekuwa umefanya zamu za usiku ungejua watu wanavyodaiana." Akalala.

Sasa nawe unayejiandaa na ziara ya kundi, iwe Barbados au Unguja kwenye mashamba ya viungo, nakuachia haya. Moja, soma ratiba kabla ya kulipa, na unachokitaka hasa kiulizie ofisini, si mezani mchana kama sisi. Mbili, ndani ya kosta saa si yako peke yako. Ukichelewa, kuna mtu anaachwa na meli. Tatu, weka kando fedha ya bakshishi tangu asubuhi, maana jioni soksi huwa ngumu kufunguka. Nne, ukipewa fomu ya maoni, kumbuka kuna mtu ana watoto wanaokula kwa alama utakayoweka.

Wahenga walisema mbuyu ulianza kama mchicha. Ule wa Bridgetown nao ulianza hivyo, mtu akaubeba kutoka huku kwetu Afrika, na hakuna aliyemwandikia ratiba.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Ubuyu wa Dodoma ninao, anayetaka aje ofisini, ila aje na sukari yake!