Weka Chini Hiyo Shabu

Kama umeshainunua, usiitumie. Nasema shabu, kile kijiwe cheupe ambacho kinyozi humpitishia mteja kidevuni damu ikauke. Siku hizi wanauziwa wanawake waliojifungua, kikiwa kimesagwa na kufungwa kwenye kinailoni, kwa maelezo kwamba ukikiweka ukeni "unarudi usichana" na mkojo unaacha kukuponyoka. Wengine wanauziwa ugoro. Wengine vifundo vya mitishamba vya kukaa ndani siku mbili tatu. Tangazo linapita kwenye makundi ya WhatsApp asubuhi, na kufikia jioni shoga zako watatu wameshakutumia, kila mmoja kwa nia njema.

Shabu hukausha ute na kuikunja ngozi laini ya uke, na mkunjo huo ndio "kubana" unakokusikia. Ngozi iliyokauka huchubuka, na kwenye michubuko maambukizi hupata mlango, VVU vikiwemo. Misuli yenyewe haijaguswa. Wiki ijayo mkojo utatoka vilevile, ila sasa na kidonda unacho.

Maana mkojo haukutoki kwa sababu "umepwaya". Chini ya nyonga kuna tabaka la misuli lililowambwa kama kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa vimelalia hapo. Mimba, uchungu mrefu, mtoto mkubwa, kikohozi kisichoisha, kufunga choo na kujikamua kila siku: kamba zinalegea. Ukicheka, ukipiga chafya, ukijitwisha ndoo, mkojo unakutoka. Zikilegea zaidi, mji wa mimba nao huteremka, ukawa unahisi kama yai limekaa njiani. Kitanda cha namna hiyo hakipakwi dawa, kinawambwa upya.

Bibi zetu waliijua kazi inayofanywa na mwili wa mzazi, ndiyo maana kwenye mahari mama wa binti hupewa mkaja wake mpaka leo. Lakini mkaja wenyewe hufunga tumbo, hauifikii misuli ya chini, na ukikazwa mno unaongeza msukumo wa kwenda huko huko.

Shoga yangu mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa na hesabu zake. Hanywi maji tangu alfajiri mpaka kengele ya mwisho. Mkobani ana kanga kuukuu iliyokatwa vipande vinne, kila kimoja kimekunjwa vizuri kama leso. Wanafunzi wakiruka kamba na kumwita, anasema goti linamuuma. Kitinda mimba wake ana miaka sita. Kliniki walimpima mtoto uzito kila mwezi, wakaandika kwenye kadi. Habari ya mkojo hakuulizwa na mtu, naye hakuisema. Na kule kujinyima maji kulimzidishia tu, kwa sababu mkojo mzito hukichokoza kibofu.

Watu wengi wanaijua fiziotherapia kwa waliopooza na waliovunjika mifupa. Lakini hata misuli hii ya chini ina tiba yake huko. Iulizie hivyo hivyo, hata kama anayekuandikia cheti atakushangaa. Mtaalamu atakuhoji, kisha, ukiridhia, atapima kwa kidole chenye glavu kama misuli inakaza, inashika kwa muda gani, na kama inaachia. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Wapo ambao misuli yao imekaza muda wote: tendo la ndoa linauma, choo kigumu kutoka, mkojo unakuja kwa kusitasita. Ukimwambia huyo akaze zaidi, unamwongezea maumivu. Yeye anahitaji kufundishwa kulegeza.

Kwa aliyelegea, mazoezi si mageni. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuyahusu mwaka 1948. Lala chali, magoti juu. Kaza kama uliyebanwa na ushuzi na mbele yako wamekaa wakwe. Makalio yatulie, mapaja yatulie, pumzi usiizuie. Hesabu hadi 5 au 6, kisha achia kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 8, na zoezi zima ulifanye mara 3 kwa siku. Usijizoeze kwa kukata mkojo katikati, kibofu kitazoea kutomaliza mkojo. Chafya ikija, kaza kwanza ndipo upige. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi, na misuli hii huhitaji miezi 3 hivi. Wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume hufundishwa hayo hayo, ila wao hawauziwi shabu.

Mkojo ukitiririka usiku na mchana bila kukohoa wala kuinua kitu, hasa baada ya uchungu uliokaa siku nzima au zaidi, hilo ni jambo jingine. Huenda ni fistula, yaani tundu, na hakuna zoezi la kuliziba. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo. Nenda, au mpeleke. Na ukishindwa kabisa kukojoa, au ukafa ganzi katikati ya mapaja huku miguu ikikosa nguvu, hospitali ni leo hii, usingoje kesho.

Kama ulishaweka kitu ndani, kitoe ikiwa kinatoka kwa urahisi. Usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu. Ukiona damu, usaha, harufu, homa au maumivu chini ya kitovu, wahi kituo cha afya siku hiyohiyo na useme ulichotumia. Kama hukijui jina, nenda na kile kinailoni.