Ukigongwa na Gari, Usikubali "Tumalizane Hapa Hapa"

Vijana wenzangu, barabara ya Chwaka tunaijua. Mchuuzi kafunga tenga la samaki kwenye baskeli, nyuma yake gari ya watalii inakimbilia Uroa. Akigongwa tu, utasikia: "Tumalizane hapa hapa." Anatiwa noti mbili mkononi, gari hiyooo.

Usizipokee! Piga picha nambari ya gari, chukua simu za mashahidi. Kama majeruhi hajiwezi, aliye karibu amfanyie. Halafu polisi, upewe PF3. Fomu hiyo ni bure. Anayekudai ya soda anakuibia. Hospitali nenda hata ukijihisi mzima, maana kichwa huweza kuanza kuuma kesho. Na baskeli usiitengeneze kabla ya kuipiga picha.

Kila gari lazima iwe na bima ya mtu wa tatu. Mtu wa tatu ndiye wewe wa baskeli! Lakini bila karatasi ya polisi na ya daktari, utadai kwa lipi?

Na Mwakilishi wetu atuambie Barazani: watoto wa skuli na wachuuzi wametengewa njia gani ya baskeli?